Tusimtazame Mgonjwa wa Parkinson Mchana Tu

Yapo maradhi ambayo watu wengi hudhani wanayafahamu kwa sababu tu dalili yake moja huonekana waziwazi. Mzee hutetemeka mkono akiwa ametulia, huenda kwa hatua fupi za kuburura, mgongo umepinda na uso umekosa bashasha kana kwamba amenuna. Wenye huruma husema uzee umemfikia. Wenye ndimi kali husema amerogwa. Kwa kweli huyo ana ugonjwa wa Parkinson, na ugonjwa huo haumwachi jua linapotua. Mwulize mkewe anayelala ubavuni mwake, naye atakueleza mambo ambayo watu wa barazani hawajawahi kuyaona: kwamba usiku mume hupiga mayowe, hurusha ngumi na mateke, pengine huporomoka kitandani, na kunapokucha husinzia kutwa nzima kama mtu aliyekesha ngomani. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Madhumuni ya makala haya ni kudai jambo moja: kwamba usiku wa mgonjwa huyu uhesabiwe kuwa sehemu ya ugonjwa wake, na uulizwe, upimwe na utibiwe kama unavyotibiwa mkono unaotetemeka. Nimechagua kulieleza dai hilo kwa njia ya dawa moja, melatonini, ambayo siku hizi inatajwa sana. Wako wanaoitukuza dawa hiyo kupita kiasi, na wako wanaoibeza bila kuichunguza. Pande zote mbili zinamkosea mgonjwa.

Wala hapana mtu awezaye kusema kwamba jambo hili ni la wachache. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 ulimwenguni walikuwa wakiishi na ugonjwa wa Parkinson, na vifo vilivyotokana nao mwaka huo vilikuwa 329,000, idadi iliyozidi maradufu tangu mwaka 2000. Kadiri watu wanavyoishi miaka mingi zaidi, ndivyo ugonjwa huu unavyozidi kubisha hodi, na nchi zetu ambazo wazee wake wanaongezeka hazitasalimika.

Aliyeueleza ugonjwa huu kwa mara ya kwanza kwa ukamilifu ni tabibu wa London aitwaye James Parkinson, katika kijitabu alichokichapisha mwaka 1817 juu ya wagonjwa sita. Jambo la kustaajabisha ni kwamba tabibu yule, ambaye hakuwa na chombo chochote cha kuupima ubongo, aliona kwamba wagonjwa wake walisumbuliwa na usingizi uliokatika na choo kilichokuwa kigumu. Hata hivyo, kwa muda mrefu waliomfuata walikazia macho mambo matatu: kutetemeka, kukakamaa kwa viungo, na uzito wa kuanza mwendo.

Sababu yake si vigumu kuiona. Katika miaka ya 1950 Arvid Carlsson, mwanasayansi wa Sweden ambaye baadaye alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2000, alionyesha umuhimu wa kemikali ya ubongo iitwayo dopamini. Ikafahamika kwamba katika ugonjwa wa Parkinson seli zinazotengeneza dopamini, zilizomo katika sehemu ndogo ya ndani ya ubongo, hufa kidogo kidogo. Mwaka 1961 waganga wa Vienna wakatangaza jinsi wagonjwa walivyopata nafuu kwa levodopa, dawa ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini. Ushindi huo ulikuwa mkubwa, na mpaka leo levodopa ndiyo nguzo ya matibabu. Lakini kila ushindi una hatari yake. Kwa kuwa dawa ile iliwainua watu waliokuwa wamekakamaa, wengi waliona kwamba mtu akitembea basi kazi imekwisha. Yale ambayo levodopa haiyagusi sana yakasahauliwa.

Yapi hayo? Orodha yake ni ndefu. Kupoteza uwezo wa kunusa. Kufunga choo. Huzuni nzito isiyo na sababu, na wasiwasi. Maumivu ya mwili. Kizunguzungu mtu asimamapo, kwa sababu presha ya damu hushuka ghafla. Kusahau, na kwa wengine kuona vitu visivyokuwapo. Juu ya yote hayo, kuharibika kwa usingizi kwa namna nyingi: kuukosa, kuamka kila mara, kusinzia mchana, na kuzitenda ndoto. Baadhi ya dalili hizi hutangulia mtetemo kwa miaka mingi, wakati ambapo hakuna anayeshuku lolote.

Kutenda ndoto kunastahili maelezo ya pekee. Mtu mwenye afya anapoota, ubongo huifunga misuli yake, ili ndoto ibaki kichwani isishuke mikononi. Kwa baadhi ya watu kufuli hilo hulegea. Akiota anapigana, hupigana kweli. Akiota anafukuzwa na mnyama, hukurupuka na kukimbia, akaumia au akamwumiza aliyelala naye. Hali hiyo ilielezwa kitaalamu mwaka 1986 na Carlos Schenck na wenzake katika jimbo la Minnesota nchini Marekani. Madaktari hao hawakuishia hapo, bali waliendelea kuwafuatilia wagonjwa wao. Mwaka 1996 walitangaza kwamba katika wanaume 29 waliokuwa na tatizo hilo peke yake, 11 walikuwa wamekwisha kupata ugonjwa wa Parkinson au ulio wa jamii yake. Kufikia mwaka 2013, katika 26 walioweza kufuatiliwa, 21 walikuwa wameshapatwa na maradhi ya ubongo ya aina hiyo au ya kupoteza akili. Mwaka 2019 utafiti mkubwa zaidi, uliokusanya watu 1,280 kutoka vituo 24 vya nchi mbalimbali, ulikadiria kwamba baada ya miaka 12 karibu robo tatu ya watu wa namna hiyo huwa wameangukia katika maradhi hayo.

Msomaji na azingatie uzito wa habari hiyo. Kelele za usiku, ambazo katika nyumba nyingi husemwa ni jinamizi, mapepo au mkono wa jirani, zaweza kuwa ndiyo hodi ya kwanza ya ugonjwa. Sisemi kwamba kila anayeweweseka ataugua Parkinson, la hasha. Dawa fulani za kutibu huzuni, kwa mfano, zaweza kuleta hali kama hiyo, na ndoto mbaya za kawaida ni za kila mtu. Lakini mtu mzima aliyezidi miaka hamsini, ambaye mara kwa mara hupiga na kupigana usingizini, anastahili kumwona daktari, si kupelekwa kutolewa pepo.

Hapa ndipo melatonini inapoingia. Katikati ya ubongo mna tezi ndogo, isiyozidi punje ya mchele kwa ukubwa, iitwayo pineali. Giza linapoingia tezi hiyo humwaga homoni katika damu, na homoni hiyo huutangazia mwili mzima kwamba usiku umefika. Kunapopambazuka mwanga hupita machoni, hufika kwenye saa ya mwili iliyomo ubongoni, na saa hiyo huiamuru tezi inyamaze. Homoni hiyo ndiyo melatonini. Iligunduliwa mwaka 1958 na Aaron Lerner, bingwa wa magonjwa ya ngozi katika Chuo Kikuu cha Yale, aliyeitoa katika tezi za ng'ombe wakati akitafuta kitu kinachobadili rangi ya ngozi. Kwa hiyo melatonini si dawa ya kulevya, wala haimwangushi mtu kama vidonge vya usingizi. Kazi yake ni kama ya mpiga mbiu: hutangaza saa, na mwili hujitayarisha wenyewe.

Je, mpiga mbiu huyu ana hali gani kwa mgonjwa wa Parkinson? Mwaka 2014 Aleksandar Videnovic na wenzake huko Marekani walichapisha matokeo ya kuipima damu ya wagonjwa 20 na watu wazima 15 wasiougua, kwa saa 24 mfululizo. Waliona kwamba kwa wagonjwa melatonini haipandi wala kushuka kwa nguvu kama kwa wenzao; wimbi lake limekuwa la chini, na lilikuwa la chini zaidi kwa wale waliosumbuliwa na usingizi wa mchana. Yaani saa ya mwili ingalipo, lakini sauti yake imefifia. Basi ni haki kuuliza: tukimwongezea mgonjwa melatonini kwa kidonge, je, usiku wake utatengemaa?

Majaribio yamefanywa, na hapana budi tuyasome bila upendeleo. Mwaka 2005 huko California wagonjwa 40 walijaribiwa kwa miligramu 5 na kwa miligramu 50. Kipimo kile kikubwa kiliongeza usingizi wa usiku kwa dakika kama kumi tu, ingawa waliopewa kile kidogo walisema wamelala vizuri zaidi. Mwaka 2007 watafiti wa Brazili walitumia miligramu 3 kwa wiki nne. Wagonjwa walieleza kwamba usingizi umekuwa bora, lakini mashine za kupima usingizi hazikuonyesha badiliko. Mwaka 2020 huko Korea Kusini wagonjwa 34 waligawanywa, wengine wakapewa miligramu 2 za melatonini inayoyeyuka polepole, wengine kidonge kisicho na dawa ndani yake. Baada ya wiki nne, waliopata melatonini walikuwa na nafuu zaidi ya usingizi na ya dalili zisizohusu mwendo kwa jumla.

Kuhusu kutenda ndoto, habari zina pande mbili. Madaktari wengi wameona kwa miaka mingi kwamba melatonini, hasa kwa kipimo cha miligramu 3 hadi 12 wakati wa kulala, huwatuliza wagonjwa kadhaa. Lakini mwaka huo huo wa 2020 watafiti wa Sydney, Australia, walitoa matokeo ya jaribio la wagonjwa 30 wa Parkinson wenye tatizo hilo, waliopewa miligramu 4 za melatonini inayoyeyuka polepole kwa wiki nane. Haikuonekana tofauti yoyote na kidonge kitupu. Pamoja na hayo, mwongozo wa wataalamu wa usingizi wa Marekani wa mwaka 2023 uliitaja melatonini inayoyeyuka mara moja miongoni mwa dawa zinazopendekezwa, kwa masharti, kwa hali hiyo.

Asiyependa kufikiri atasema: mmoja anasema ndiyo, mwingine anasema siyo, basi tuachane nayo. Huko ni kukosa subira. Majaribio yenyewe ni madogo, vipimo vya dawa vimetofautiana, na aina ya kidonge imetofautiana. Lililo dhahiri ni kwamba manufaa yapo kwa baadhi ya wagonjwa, kwamba si makubwa mno, na kwamba huonekana zaidi katika jinsi mgonjwa mwenyewe anavyouona usiku wake. Je, hilo ni jambo dogo? Kwa daktari anayesoma karatasi ya mashine, yumkini. Kwa mama mwenye miaka sabini ambaye ameogopa kulala karibu na mumewe, usiku mmoja wa amani si jambo dogo hata kidogo.

Tena yatupasa kulinganisha. Dawa iliyotumika zaidi kwa kutenda ndoto ni klonazepamu. Yaweza kusaidia, lakini ni dawa nzito kwa mzee: humwachia usingizi asubuhi, huvuruga akili iliyokwisha kudhoofika, na huongeza hatari ya kuanguka. Mgonjwa wa Parkinson tayari ni mtu wa kuanguka, na mfupa wa nyonga ukivunjika katika umri huo mara nyingi ndio mwanzo wa mwisho. Melatonini, kwa kadiri ilivyojaribiwa, ina madhara machache: maumivu ya kichwa, kizunguzungu, usingizi wa asubuhi kwa wengine. Kwa hiyo wenye hekima wanaposema ianze melatonini kabla ya ile nzito, hawasemi hivyo kwa sababu ina nguvu zaidi, bali kwa sababu ikishindwa haitakuwa imemvunja mtu.

Sasa niwageukie wanaoitukuza. Wapo wanaotangaza kwamba melatonini huzuia seli za ubongo zisife, na hivyo hutibu Parkinson yenyewe. Ni kweli kwamba katika maabara, kwa panya waliotiwa sumu ya kuua seli za dopamini, melatonini imeonekana kuzikinga seli hizo kwa kiasi fulani. Lakini panya si binadamu. Hakuna ushahidi kwamba melatonini imeusimamisha ugonjwa huu kwa mgonjwa hata mmoja. Anayemwambia mzee aache levodopa ili anywe melatonini hana tofauti na mwizi: anamnyang'anya mwendo wake na fedha zake kwa pamoja.

Na biashara hii ina mengine. Katika Marekani, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1994, melatonini huuzwa kama nyongeza ya chakula, bila ya kulazimika kupitia uchunguzi unaotakiwa kwa dawa. Matunda yake yameonekana. Mwaka 2017 watafiti wa Kanada walichunguza bidhaa 31 zilizonunuliwa madukani. Nyingine zilikuwa na melatonini pungufu kwa asilimia 83 ya ilivyoandikwa, nyingine zimezidi kwa asilimia 478, na katika bidhaa 8 ilikutwa pia serotonini, kemikali nyingine kabisa ambayo haikutajwa kwenye chupa. Uingereza, kinyume chake, huihesabu kuwa dawa ya kuandikiwa na daktari. Nchi zetu zinapopokea chupa hizo mikononi mwa wasafiri na wachuuzi, yafaa zifuate mfano wa wale walioiweka chini ya macho ya mfamasia. Mzee anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda, au vidonge vingi vya maradhi mbalimbali, asiongeze melatonini kwa kusikia ya mtaani.

Lakini tusijidanganye kwamba shida yetu ya kwanza ni melatonini. Taarifa iliyochapishwa mwaka 2008 ilieleza jinsi watafiti walivyopita nyumba kwa nyumba katika eneo la Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, lenye watu 161,071. Waliwapata wagonjwa 33 wa Parkinson. Wengi wao hawakuwahi kuambiwa na yeyote kwamba wana ugonjwa huo, na kwa hiyo hawakuwahi kupewa dawa. Hao waliishi na mtetemo unaoonekana na kila mpita njia, na bado hawakutambuliwa. Ikiwa mchana wa mgonjwa haukuonekana, usiku wake ungeonwa na nani? Shirika la Afya Duniani lenyewe limekiri kwamba levodopa haipatikani, au haimudiki, katika nchi nyingi zenye kipato cha chini na cha kati. Itakuwa dhihaka kumletea mtu mpiga mbiu wa usiku ilhali hana dawa ya kumwezesha kuamka asubuhi.

Wapo watakaosema kwamba madhali hali ni hiyo, habari za usingizi ni anasa, zingoje mpaka levodopa ifike kila mahali. Sikubaliani nao. Kumwuliza mgonjwa analalaje hakugharimu hata senti moja. Mganga wa zahanati hahitaji mashine ili aulize maswali manne: Unapata usingizi? Unapiga au kupiga kelele ukiota? Unasinzia mchana? Choo kinakwendaje? Na amwulize pia anayelala naye, maana mgonjwa mwenyewe hajioni. Maswali hayo yaingizwe katika mafunzo ya waganga na wauguzi. Majibu yake yatamwonyesha mganga kama shida inatokana na ugonjwa, au na dawa iliyomezwa saa isiyofaa, au na mkojo unaomwamsha mzee kila mara, au na huzuni.

Familia nazo zina wajibu ambao hauhitaji duka la dawa. Kitanda cha anayetenda ndoto kiwe cha chini, na vitu vyenye ncha viondolewe karibu. Ikibidi, mwenzi alale kitanda cha pili bila kuona aibu, kwani huko si kutengana. Mzee asifungiwe chumbani kutwa kana kwamba ni siri ya ukoo. Mwanga wa mchana ndio unaoirekebisha saa ya mwili. Mwaka 2017 Videnovic na wenzake walionyesha kwamba wagonjwa waliokaa mbele ya taa kali mara mbili kwa siku, saa moja kila mara, kwa siku 14, walipungukiwa na usingizi wa mchana. Watafiti wale walihitaji taa. Sisi jua tunalo, na kiti kilichowekwa nje asubuhi, mahali penye mwanga, ni jambo ambalo kila nyumba yaweza kulitenda. Usiku nao uwe usiku kweli: taa zizimwe, na kelele za redio na runinga zikome.

Kisha waje wataalamu. Vyuo vyetu vya utabibu, vilivyokwisha kuthibitisha huko Hai kwamba vinaweza kushiriki katika kuwahesabu wagonjwa kijijini, viuchukue na usiku wao. Melatonini yafaa ijaribiwe kwa wagonjwa wetu, kwa vipimo vinavyojulikana, kwa muda wa kutosha, na kwa kuwauliza wagonjwa na walezi wao kipi kimebadilika. Majibu ya watu thelathini wa Sydney na thelathini na wanne wa Korea ni mwanzo mzuri, lakini hayawezi kuwa mwisho wa elimu juu ya wazee wa Kilimanjaro, Kigoma au Lindi.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Familia zinazoficha kelele za usiku kwa kuogopa kuitwa zimerogwa zinampotezea mgonjwa miaka ambayo angeweza kusaidiwa. Nazo zahanati zinazomtazama mzee akitembea hatua tano, zikamwandikia kidonge na kumwaga, zinatibu nusu ya mtu. Melatonini haitamponya mzee huyo. Yaweza kumpa usingizi, na kumpa mkewe usingizi, na hiyo ni sababu ya kutosha ya kuipa nafasi yake halali, kwa mkono wa daktari na kwa kipimo kinachojulikana. Kazi ya kwanza, hata hivyo, ni ya leo na haingoji dawa yoyote: mgonjwa wa Parkinson atakapofika mbele ya mganga, aulizwe usiku wake ulikuwaje.